Shajara ya Toyota 110: injini mpya kwenye gari la gesi

Jumamosi, 29 Machi

Leo tumepima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kwa psi. Silinda ya kwanza 140, ya pili 135, ya nne 138. Ya tatu 55. Kijana wa gereji akairudia hiyo ya tatu, kisha akadondosha oili kidogo kwenye tundu la plagi na kupima tena. Ikabaki pale pale. Ringi za pistoni zikiwa ndizo zimechoka, oili huziba pengo kwa muda na namba hupanda. Isipopanda, hewa inatorokea juu, kwenye valvu.

Nimekuwa nikilihisi jambo hili tangu Februari. Gari ni Toyota 110 ya 1998, gia tano za mkono, injini ya 5A ya cc 1,498, na ndilo linalonitoa nyumbani Njoro hadi Nakuru mjini na kunirudisha. Safari ya kurudi ni kupanda karibu muda wote. Zamani nilikuwa nafika kwa gia ya nne bila taabu. Mwezi huu nimekuwa nikishuka hadi ya tatu, na nikisimama kwenye makutano injini inatetemeka hadi kioo cha ndani kinacheza. Oili nayo inaliwa, lita nzima kila kilomita 900.

Mtambo wa gesi niliufunga mwishoni mwa 2023. Wenye magari hawajausahau mwaka ule. Julai VAT ya petroli ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, ya gesi ya LPG ikashushwa hadi sufuri, na kufika Oktoba lita ya petroli ilikuwa imepita shilingi 210. Uamuzi ule siujutii hata leo. Pesa nilizookoa zimelipa karo ya mihula mitatu.

Kabla ya kufungua boliti yoyote, mzee mwenye gereji alikataa gari lisogezwe karibu na shimo. "Mwalimu, hili litakaa huku juu, mlangoni, penye upepo." Yuko sahihi kabisa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikapotea kama moshi, inashuka na kutafuta bonde, na shimo la gereji ndilo bonde lenyewe. Sisi wa upande huu hatuhitaji kuelezwa moto wa mafuta ni kitu gani. Sachangwan ya Januari 2009 iko hapa juu tu, na zaidi ya watu 100 walipotea pale kwa petroli iliyomwagika. Basi tukafunga valvu ya tangi kwa mkono, tukawasha injini ikanyonya gesi iliyobaki kwenye paipu hadi kompyuta ikalia na kurudi kwenye petroli. Tukaizima, tukatoa nyaya za betri. Mzee akapita akinusa kila kiungo kuanzia nyuma hadi mbele, kisha akapaka povu la sabuni. Hakuna hata kipovu kimoja kilichotokea.

Jumamosi, 5 Aprili

Shule zimefungwa jana, kwa hiyo nina wiki tatu.

Tumeng'oa silinda hedi. Kabla ya kulegeza kemshafti nilimwomba mzee anipe fila geji, yale majani membamba ya chuma ya kupimia, nipime mwenyewe mwanya wa valvu, yaani nafasi kati ya kemshafti na valvu. Za inteki, zinazoingiza hewa, zilikuwa sawa, zote kati ya milimita 0.15 na 0.20. Za ekzosi, zinazotoa moshi, ndizo zilizonipa jibu la miezi yote hii. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne, jani la 0.10 lilipita kwa shida, mahali panapotakiwa 0.30 hivi. Silinda ya tatu, hata jani jembamba kuliko yote halikuingia. Hapakuwa na mwanya.

Valvu yenyewe ilipotoka niliishika mkononi muda mrefu. Ukingo wake umemegwa kama chapati iliyong'atwa pembeni, na kuzunguka pale palipomegwa chuma kimekuwa cheupe cheupe, rangi ya jivu la mkaa. Siti yake, yaani kiti inapokalia ikifunga, imezama ndani ya hedi kiasi kwamba ukipitisha ukucha unahisi ngazi.

Mambo yalikwenda hivi. Petroli huingia ikiwa majimaji, na inapogeuka kuwa mvuke hubeba joto. LPG huingia ikiwa mvuke tayari, kavu, na haina hata tone la kupooza valvu au kulainisha siti. Siti hulika polepole. Siti ikilika, valvu hupanda, na kwenye injini hii, ambayo shimu, kisahani cha chuma cha kurekebisha mwanya, hukaa juu ya kikombe cha valvu, valvu ikipanda mwanya hupungua. Siku mwanya unapokwisha, valvu haifungi tena vizuri. Moto unapenya kwenye upenyo mwembamba kama unywele, na upenyo ule unakatwa kama kwa tochi ya kuchomelea.

Na hapa ndipo ninapoumia. Mwanya ukizidi, injini hugonga, tiki tiki tiki, na hata mtoto atakuambia baba gari linapiga kelele. Mwanya ukipungua, injini hunyamaza. Mwaka mzima injini yangu ilizidi kuwa kimya na mimi nikaufurahia ukimya ule. Waliofunga mtambo walinikabidhi gari, risiti na mkono wa kwaheri. Hakuna aliyeniambia kwamba kuanzia siku hiyo valvu zipimwe kila kilomita 20,000. Ni kazi ya asubuhi moja, na shimu moja ni pesa ya nyanya. Ningeambiwa, ningepima.

Tungeweza kutengeneza hedi peke yake. Mzee alinipigia hesabu: siti mpya, valvu nane za ekzosi, kusaga, gasketi. Lakini ukuta wa silinda ya tatu una michirizo mirefu, na kwa oili inayoliwa, hedi ngumu juu ya tumbo lililochoka ingetusukuma kubadilisha ringi, kisha kutoboa silinda, kisha pistoni kubwa zaidi. Hesabu hiyo inapita bei ya injini nzima. Tumekubaliana kununua.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimenunua 5A ya kutoka Japani hapa hapa Nakuru, shilingi 56,000. Walinishauri niende Kirinyaga Road, Nairobi, lakini nilitaka muuzaji ambaye nikimrudia naenda kwa matatu ya mjini.

Mzee alikuja nami, na nilijifunza kwa kumtazama. Hakuuliza bei. Alifungua kifuniko cha oili akakitazama kwa ndani. Alichomoa dipstiki akaisugua kati ya vidole, akainusa. Alizungusha krankishafti kwa spana mizunguko miwili kamili, polepole, akisikiliza. Akamulika tochi kwenye njia za maji kutafuta kutu. Injini tatu alizipita hivyo hivyo bila kusema neno. Ya nne akasema, "Hii leteni betri."

Kompresheni ilisoma 152, 155, 155, 153. Nilisikitika, maana vitabu vya injini za familia hii husema karibu 190, na nikaanza kudhani wanatuuzia mzigo. Kisha nikakumbuka mahali tuliposimama. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ya hapa ni kama asilimia 80 tu ya lile la Mombasa. Chukua asilimia 80 ya 190, unapata 152. Injini ile ni nzima. Anayepima gari huku kwetu na kulilinganisha na kitabu kilichoandikiwa pwani atang'oa injini nzuri bure.

Nimeandika namba ya injini na kuchukua risiti yenye namba hiyo hiyo. Bila karatasi hiyo hutabadilisha logbook, hati ya umiliki wa gari.

Jumatano, 9 Aprili

Injini ilitoka kwenye gari la otomatiki, na langu ni la gia za mkono. Haiharibu kitu, ila kuna mtego. Nyuma ya krankishafti ya otomatiki kuna pleti nyembamba, na sisi tunahitaji flaiwili, ambayo ni nene. Kijana alikuwa ameshaanza kufunga flaiwili yangu kwa boliti zilizokuwa kwenye pleti. Mzee akamshika mkono. Boliti zile ni fupi, zingeshika nyuzi chache tu, na flaiwili ikichomoka kwa kasi ya barabarani inapasua giaboksi. Tukarudisha boliti za injini ya zamani, zikasafishwa na kutiwa gundi ya nyuzi.

Flaiwili ilikwenda leithi ikasuguliwa uso. Klachi pleti, presha pleti na beringi ni mpya. Sili ya nyuma ya krankishafti mpya, sili za mbele mpya, wota pampu, thamosteti, mkanda wa taimingi na beringi yake. Vitu hivi sasa vinafikika kwa mkono mmoja. Injini ikishaingia, kila kimoja kitadai siku nzima. Mkanda kwenye 5A ukikatika pistoni hazigongi valvu, utakwama tu barabarani, lakini sitaki kukwama Timboroa usiku.

Kompyuta ya petroli inabaki ya zamani, maana ndiyo inayojua gari hili ni la mkono.

Alhamisi, 10 Aprili

Hii ndiyo siku niliyoisubiri. Injini iko mezani, kifuniko cha valvu kimetoka, na valvu zote 16 ziko mbele ya macho yangu.

Kwa gari la petroli wengi wangeuacha mwanya uliokutwa. Ekzosi zilikuwa 0.22, 0.24, nyingine 0.25. Lakini najua injini hii inakwenda kula kitu gani, na najua mwanya utaelekea upande upi. Nikamwambia mzee nataka ekzosi zote ziwe 0.30 na kuendelea kidogo, ili siti zikilika ziwe na mahali pa kuanzia. Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa mwalimu. Leta kalamu."

Hesabu yake ni hii: unachukua unene wa shimu iliyopo, unajumlisha mwanya uliopima, unatoa mwanya unaoutaka. Valvu ya kwanza ya silinda ya tatu ilikuwa na shimu ya 2.85 na mwanya wa 0.22. Nikitaka 0.30, napata 2.77. Shimu hupanda kwa hatua za 0.05, kwa hiyo 2.75, na mwanya unakuwa 0.32. Vizuri. Tukafanya hivyo kwa zote nane, kalamu ikiwa sikioni, karatasi ikiwa imelowa oili.

Shimu hatukununua hata moja mpya. Injini ya zamani ilikuwa nazo 16 zimekaa tu. Tulizitoa, tukazifuta, tukazipima moja moja kwa maikromita, kwa sababu namba iliyochapwa mgongoni husuguliwa ikafutika, tukazipanga kwenye kipande cha katoni. Kati ya zile za injini ya zamani na hizi za injini mpya tulipata kila unene tuliohitaji. Saa kumi jioni nikarudia kupima kutoka mwanzo. Jani la 0.30 linapita likikwaruza kidogo, la 0.35 linagoma. Nane kwa nane.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Cheni bloku imefungwa kwenye boriti ya banda, na banda linavuja. Injini imeingia saa tano, giaboksi saa nane. Kutunga shafti ya giaboksi kwenye klachi kulituchukua saa nzima, watu watatu tumelala kwenye tope tukiisukuma, hadi kijana alipoweka gari gia ya nne na kuzungusha kitovu cha gurudumu taratibu. Ikazama yenyewe, twap.

Jumatatu, 14 Aprili

Iliwaka kwa petroli mara ya pili ya kugeuza ufunguo. Sauti laini, haina mtetemo. Tuliiacha dakika 20, tukakagua maji, oili, mvujo. Kisha tukafungua valvu ya tangi na kuhamia kwenye gesi.

Dakika tatu baadaye injini ikaanza kukohoa. Nikafungua boneti na nikaona kitu ambacho sikutarajia kukiona Nakuru saa saba mchana: rediusa, kifaa kinachogeuza gesi ya majimaji kuwa mvuke, imevaa barafu. Barafu nyeupe, kama ile ya friji, imeanzia kwenye paipu inayoingia na inatambaa huku nikiitazama. Kijana akaigusa, akarudisha kidole haraka.

Mzee akazima akaeleza. Ndani ya tangi gesi ni majimaji. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sufuri, kwa hiyo rediusa inapoigeuza kuwa mvuke inanyonya joto jingi sana, na joto hilo linatakiwa litoke kwenye maji ya moto ya injini yanayopita ndani yake. Mtambo husubiri maji yafike kama nyuzi 40 ndipo uhamie gesi, na yalifika. Ila kuna hewa imenaswa kwenye paipu, maji hayazunguki. Rediusa ilitumia joto kidogo iliyokuwa nalo, ikaganda.

Tuliinua pua ya gari kwa jeki hadi mdomo wa redieta ukawa juu kuliko rediusa, tukafungua hita hadi mwisho, tukalegeza paipu ya juu ya rediusa na kumimina maji polepole. Ilitoa mapovu, ikatema, ikatulia, kisha maji yakaja mfululizo. Tukakaza. Mara hii niliweka kiganja juu ya rediusa tangu mwanzo, na nikaihisi ikipata joto hadi nikashindwa kuishika. Ikahamia gesi na haikukohoa tena.

Jumatano, 16 Aprili

Fundi mwingine, wa gesi peke yake, amekuja na kompyuta yake ya mkononi. Nilimtaka kwa sababu moja: kujua kama injini ya zamani ilikuwa inapewa gesi pungufu. Mchanganyiko wenye gesi kidogo na hewa nyingi huziongezea valvu za ekzosi joto, na valvu zangu tayari zilikuwa hazina mwanya.

Tulipanda naye barabara ya Njoro, yeye kompyuta mapajani, mimi nikishika mwendo. Kipimo anachotazama ni muda ambao kompyuta ya petroli inaagiza injekta zifunguke. Gari likitembea kwa gesi, muda huo unatakiwa ubaki karibu sawa na ule wa petroli. Tukiwa tumesimama ulikuwa sawa. Lakini mlimani, gia ya nne, ulirefuka kwa karibu moja ya tano. Maana yake kompyuta ilikuwa inalia kila siku kwamba haipati mafuta ya kutosha, katika kilima kile kile ninachopanda kila jioni. Mpangilio ule umekaa tangu 2023. Waliupima gari likiwa limesimama uwanjani, hawakulipeleka mlimani.

Tulipanda na kushuka mara nne hadi namba zikalingana. Pia nimeomba gari lirudi kwenye petroli lenyewe mzunguko ukipita 4,500, na kila asubuhi nitatembea kilomita mbili za kwanza kwa petroli hata kama maji ni moto, ili injekta za petroli zisikauke.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Tumefika Kisumu kwa mama. Salgaa, Sachangwan, Mau Summit, Londiani, Kericho, Awasi, Ahero. Mlima wote wa Sachangwan nilikuwa gia ya nne nyuma ya malori, na niliposhuka hadi ya tatu ilikuwa kwa kupenda kwangu, ili nipite. Kushuka kuelekea Ahero joto lilipanda ndani ya gari, lakini mshale wa joto la injini ukabaki katikati. Mama alitoka nje kabla sijazima, akasema, "Hili si lile lililokuja Krismasi. Lile nililisikia kutoka kwa jirani." Dipstiki: oili haijashuka.

Ijumaa, 9 Mei

Logbook. Namba ya injini ilibidi ibadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa risiti ya injini na ukaguzi wa gari. Afisa alimulika namba kwenye bloku, akailinganisha na karatasi, akataka pia kuona mtambo wa gesi na tangi. Alikagua kwa makini na kwa heshima. Atakayenunua injini bila risiti yenye namba atajikuta na gari zuri asiloweza kuliuza.

Jumamosi, 9 Agosti

Kilomita 5,100 tangu injini iingie. Nimekwenda gereji asubuhi na mapema injini ikiwa baridi, maana ikiwa moto vipimo vyake havina maana. Mzee alikuwa ameshanitolea fila geji, iko juu ya kitambaa safi. Safari hii kijana ndiye aliyefungua kifuniko, na ndiye aliyezungusha krankishafti, mimi nikapima.

Inteki zote hazijasogea. Ekzosi: silinda ya kwanza, jani la 0.30 linapita. Ya pili, linapita. Ya nne, linapita. Nikaacha ya tatu iwe ya mwisho. Jani la 0.30 likaingia likikwaruza kidogo, la 0.35 likagoma. Nikampa kijana naye apime kwa mkono wake. Akasema, "Ni ile ile, mwalimu," akachukua kalamu na kuandika kilomita na tarehe kwa ndani ya kifuniko cha valvu, kisha tukakifunga.